Nta Haikorogwi

"Hakuna moto ulionishinda mimi," alisema Bibi, akipepea mkaa chini ya sufuria ya nta. Akapepea mara mbili tatu, kisha nafsi ikamsuta. "Ukiacha ule ulioteketeza banda la nyuma. Na ule wa mwaka uliofuata."

Tangu hapo wanawe walikuwa wamemwachia jiko moja tu la mkaa, dogo kama kofia, na kwa hilo hilo alitengeneza mishumaa ya mtaa mzima.

Mjukuu wake hakucheka. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kitabu mapajani, chai imepoa hajaigusa. Alikuwa anasomea ualimu, na saa tano asubuhi hiyo mkaguzi angekuja kumtazama akifundisha. Alishafeli mara mbili. Akifeli na ya tatu, chuo kingemrudisha nyumbani moja kwa moja.

"Hivi mara ya mwisho ilikuwaje?" Bibi aliuliza. Habari hiyo alishaisikia mara nne, ila ilikuwa tamu.

"Si niliwaambia watoto kwamba chini ya ardhi kuna uji wa mawe unachemka? Mtoto mmoja akauliza, 'Sasa mwalimu, mbona hatuzami?' Nikakauka, Bibi! Mkaguzi akaandika ukurasa mzima. Kumbe huko chini sehemu kubwa ni mwamba mgumu, lakini unatembea. Unapanda, unashuka. Wanauita msafara wa joto. Haya niambie, mwamba mgumu unatembeaje?"

"Funga hicho kitabu, mke mwenzangu. Sogea hapa."

Bibi akaivuta sufuria pembeni kidogo, moto ukawa unapiga ubavu mmoja tu. Akakwangua kipande cha nta ya buluu, akakitumbukiza. Kikazama hadi chini. Mjukuu akadaka mwiko.

"Wee! Nta haikorogwi! Ukikoroga unaitia mapovu, mshumaa unatoka una ndui. Iache ijikoroge yenyewe."

Wakainama, vichwa vikakaribia kugongana. Upande wa moto, uzi wa buluu ukapanda taratibu kutoka chini, ukatandaa juu, ukavuka hadi ukingo wa pili, ukazama.

"Huku imepata joto, imetanuka, imekuwa nyepesi, inapanda," alisema Bibi. "Kule imepoa, imejibana, imekuwa nzito, inashuka. Na nta ni ile ile, sijaongeza hata punje."

"Densiti!" mjukuu akamaka.

"Iite utakavyo. Mimi naitazama mwaka wa arobaini huu na haijaniuliza jina."

"Lakini Bibi, hii imeyeyuka. Mwamba haujayeyuka."

Bibi akajikongoja hadi dirishani, akachukua mshumaa aliousahau juani tangu juzi. Ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Akaugonga mezani, ko, ko.

"Huu umeyeyuka?"

"Hapana."

"Mgumu?"

"Mgumu."

"Nani kaupinda?"

Mjukuu akaukodolea macho. Kisha akaruka, ndoo ikabiringika hadi mlangoni. "Joto na muda! Ndiyo maana wanasema mwamba unakwenda polepole, kama kucha zinavyoota!"

Akamwaga makaa, sufuria ikapozwa, nta ikaganda. Jiko mkono huu, sufuria mkono ule, nta ya buluu na mshumaa uliopinda mkobani. Mlangoni akageuka.

"Na wewe usije. Nakujua, utawajibia watoto."

"Mimi? Na kazi zote hizi? Sibanduki hapa."

Alibanduka kabla mjukuu hajakata kona.

Nyuma ya darasa palikuwa na dirisha lisilo na kioo. Bibi akapanda juu ya jiwe, akachungulia. Nta ilishayeyuka. Mjukuu akadondosha kipande cha buluu, kikazama, na hapakutokea kitu. Watoto wakarefusha shingo. Mkaguzi, bwana wa miwani minene, akatazama saa yake. Mjukuu akashika kijiko.

Bibi akauma ncha ya mtandio wake asije akapiga kelele.

Kijiko kikaning'inia juu ya sufuria. Kisha kikarudi mezani.

"Tusubiri," alisema mjukuu.

Wakasubiri. Buluu ikapanda, ikavuka, ikashuka, na darasa zima likalipuka. Wakatulizwa, na yule yule mtoto wa siku ile akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama huko chini kunatembea hivyo, mbona hatuzami?"

Safari hii mwalimu alitabasamu, akaingiza mkono mkobani.

Mkaguzi mwenyewe aliuomba mshumaa ule. Akaugonga kwenye dawati, ko, ko, akaugeuzageuza, akaugonga tena kama mtoto. Halafu akaandika mstari mmoja tu, akampa mwalimu mkono. Bibi akashusha pumzi aliyoibana tangu kwenye kijiko, nusura aporomoke na jiwe lake.

Akakata njia ya uchochoroni, akafika nyumbani akihema, akajifuta uso, akaketi kwenye ndoo.

"Nimefaulu!" Sauti ilitangulia mlangoni. Mjukuu akatupa mkoba, akaiachia sufuria, akamkumbatia Bibi kwa mkono mmoja, machozi na kicheko pamoja. "Nimefaulu, Bibi! Sirudishwi!"

"Alhamdulillahi! Jamani, ningekuwepo!" Bibi alimaka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Ila ndiyo hivyo, tangu umeondoka nimeinama hapa nayeyusha nta, mgongo haunyooki."

Mjukuu akajitoa kifuani kwake. Akaunyanyua ule mkono mwingine, taratibu, hadi usawa wa pua ya Bibi.

"Kwa jiko gani, Bibi?"