Bomba Lililoishia Darini

Kitasa kilikuwa kimeng'oka pamoja na kipande cha fremu. Kipimo alipiga magoti kwenye sakafu ya bafu, akaziokota skrubu mbili zilizorukia nyuma ya ndoo, akaanza kuchonga kibao kidogo cha kuziba pengo. Msimamizi wa jengo alikuwa amempigia simu akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, akamwambia apande ghorofa ya tatu, kwa yule mama mshonaji, kuna mlango wa bafu umevunjwa na majirani. Kwa nini umevunjwa, msimamizi hakusema, na Kipimo hakuuliza. Miaka tisa ya kutengeneza vitu katika jengo lile ilikuwa imemfundisha kutouliza.

Jina la Kipimo alipewa na mafundi wenzake tangu ujana, kwa sababu alikuwa hakati bomba mpaka alipime mara mbili. Wapangaji nao walilichukua. Hata msimamizi, anapotaka kumsifu mbele ya wageni, husema jengo hili lina bahati, fundi wake anaitwa Kipimo.

Mshonaji alikuwa sebuleni, cherehani mbele yake, akipindia mapazia ya mteja. Alizungumza bila kuinua macho. Jana jioni mama yake aliingia kuoga. Maji yakasikika yakitiririka, yakatiririka, mpaka yeye mwenyewe akaona hapana, hata kama ni kujipa raha, huku ni kupita kiasi. Akabisha. Kimya. Akamwita jirani wa mkabala, wakausukuma mlango kwa mabega mpaka ukakubali. Mama alikuwa sakafuni, amelegea kama nguo iliyotolewa majini.

"Tukambeba na kanga yake hivyo hivyo," alisema. "Ajabu ni kwamba tulipomfikisha nje tu, kwenye upepo, akafumbua macho. Zahanati wakasema ni presha na uzee, anywe maji mengi. Wakatupa vidonge."

Mikono ya Kipimo ilisimama. Hakugeuka kumtazama. Alitazama juu, ukutani, ilipotundikwa hita ya maji ya gesi aliyoifunga kwa mikono yake miezi minne iliyopita, baridi ilipoanza. Kwenye kingo za tundu la chini ya bomba la moshi palikuwa na weusi, kana kwamba mtu amepitisha kidole chenye masizi. Bomba lenyewe lilipanda wima, linang'aa, likapenya kwenye ubao wa dari. Mtu yeyote angeliona akasema kazi nzuri hiyo.

Ni yeye peke yake aliyejua kwamba lilikuwa halifiki popote. Shubiri moja juu ya ubao, ndani ya giza la dari, lilikuwa limekatwa. Moshi wa hita uliingia humo, ukajaa, ukakosa njia, ukarudi chini polepole. Na moshi wa gesi si kama wa kuni. Hauonekani, haunuki, haumfanyi mtu akohoe. Unamlewesha tu, unampa usingizi.

Upande wa nyuma wa jengo alikuwa ametoboa kuta na kutoa mabomba nje, kila moja na kofia yake ya kuzuia mvua. Alipofika upande wa mbele, msimamizi alimzuia. Ukuta unaotazama barabara ulikuwa umepakwa rangi mpya, nyeupe, na mwenye jengo alikuwa analeta watu wa kulikagua ili walinunue. Hataki kuona mashimo. Ingiza darini, msimamizi alimwambia, nani atapanda kuangalia? Kipimo alisema haifai. Akasema mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu hakusema. Alifunga hita sita kwa mtindo ule, kisha akatia sahihi kwenye fomu palipoandikwa kwamba mabomba yote ya moshi yametoka nje ya jengo. Mkaguzi wa majengo aliigonga mhuri mezani kwa msimamizi, akiwa amekaa, bila kupanda hata ngazi moja.

"Fundi, ukimaliza kitasa niambie," mshonaji alisema. "Nataka mama aoge maji ya moto. Tangu jana mwili wote unamuuma."

Mama mwenyewe alikuwa kwenye kochi, amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Alikuwa mwalimu mstaafu na jengo zima lilimwita Mwalimu. Macho yake yalikuwa nyuma ya miwani mipya. Alimwita Kipimo aje karibu, akamshika mkono uliojaa vumbi la mbao.

"Si wewe uliyetufungia ile hita, mwanangu? Mungu akuzidishie. Maji ya moto ndiyo raha pekee niliyobaki nayo. Kichwa tu ndicho kinanisumbua. Mwezi mzima sasa. Tukadhani ni macho, binti yangu akajinyima akaninunulia hii miwani, wala haikusaidia."

"Anapenda kulalamika," mshonaji alisema, nusu kwa utani. "Akitoka nje kichwa kinapona. Akirudi ndani, kinaanza. Mimi namwambia anajidekeza."

Mwalimu alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekwisha kukubali kosa. Kipimo aliuchomoa mkono wake kama anayeungua.

Alirudi bafuni, akamalizia kitasa, akafungua maji, hita ikawaka. Kidirisha cha juu kilikuwa kimezibwa kwa karatasi ya plastiki, kuzuia baridi. Alisubiri dakika chache, akawasha njiti ya kiberiti, akaizima, akaupeleka moshi wake pale penye masizi. Bomba linalovuta vizuri lingeumeza uzi ule wa moshi palepale. Huu ulisitasita, kisha ukamgeukia yeye usoni.

Mshonaji alikuwa amesimama mlangoni, sindano imebanwa mdomoni. Aliitoa.

"Huo moshi unatakiwa uende wapi?"

"Juu."

"Mbona unakuja kwako?"

Kipimo alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yalikuwa machache tu. "Leo mvuto ni mdogo," alisema. "Nitaizima kwanza. Msiiwashe mpaka nirudi. Na hii plastiki naitoa."

Alifunga valvu ya mtungi wa gesi jikoni, akaung'oa mpira wake kabisa, akauviringisha na kuutia kwenye mfuko wa vifaa. Alipokuwa anashuka ngazi alihisi masikio yanawaka moto, kama mtoto aliyekamatwa na kitu cha watu.

Msimamizi alimsikiliza huku akiandika. Alikuwa si mtu mbaya. Aliishi chumba cha chini kilichokuwa kikivuja, na alikuwa na hofu na simu ya mwenye jengo kuliko kitu chochote duniani. Kipimo alimweleza habari ya bibi, ya kuanguka, ya njiti. Akamwambia mabomba na kofia za upande wa mbele bado zimo kwenye boksi lao stoo, chini ya ngazi, hazijaguswa. Siku moja ya kutoboa inatosha.

"Kwa hiyo unasema ulisaini uongo," msimamizi alisema.

"Nilisaini ulichoniambia."

"Mimi sikusaini kitu. Nionyeshe jina langu liko wapi." Aliweka kalamu chini. "Wanunuzi wanakuja wiki ijayo, Kipimo. Wakishanunua, toboa hadi uchoke. Mwambie yule mama afungue dirisha akioga. Usinitie matatani, na wewe usijitie."

Kipimo alitoka hapo akaenda ofisi ya ukaguzi wa majengo. Alipanga foleni nyuma ya mtu aliyekuwa amelala amesimama. Zamu yake ilipofika, karani wa dirishani alivuta fomu ya malalamiko akaanza kumhoji kwa haraka, kichwa kikiwa kwenye kompyuta.

"Mlalamikaji?"

"Mimi."

"Unamlalamikia nani? Aliyefanya kazi ni fundi gani?"

"Mimi."

Karani aliinua uso. Alimtazama kwa muda, kama anayetafuta dalili za pombe.

"Mzee, huwezi kujilalamikia mwenyewe. Mfumo haukubali jina moja mara mbili."

Kipimo alimwomba basi amwite mkaguzi aje aone tu, aingize kichwa darini mara moja. Karani alitafuta jengo kwenye kompyuta, akapata, akaigeuza skrini ili naye aone. Jengo lilikuwa limepita, na tarehe ipo, na mhuri upo, na sahihi ya fundi ipo. Jengo lililopita halikaguliwi tena mpaka mwaka uishe, labda itokee ajali. Kipimo akasema ajali imetokea jana. Karani akauliza kama kuna cheti cha hospitali kinachosema ni gesi. Kipimo akakumbuka vidonge vya presha. Mtu wa nyuma yake aliyekuwa amelala alishaamka na kuanza kuguna.

Njiani kurudi alipita mbele ya jengo, akainua macho. Ukuta ulikuwa mweupe pe, hauna hata kovu. Alijaribu kujiambia kwamba alilazimishwa, na kulikuwa na ukweli humo. Lakini hakuna aliyemshika mkono akilikata lile bomba. Alilipima mwenyewe, mara mbili.

Alifungua stoo, akabeba lile boksi, akapanda ghorofa ya tatu. Alianza na mlango ule kwa sababu ndio aliouogopa zaidi.

Mwalimu alikuwa ameketi sasa, uji mbele yake. Kipimo hakukubali kiti. Aliwaeleza akiwa amesimama, kofia aliyoivua kichwani ikiwa mkononi, habari ya bomba, ya dari, ya fomu. Hakumtaja msimamizi mpaka mwisho, na alipomtaja aliona haya kumtaja.

Bibi alimsikiliza mpaka kikomo, kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi.

"Siku unalifunga, ulijua?"

"Nilijua, Mwalimu."

"Si kwamba ulibahatisha."

"Nilijua."

Alivua miwani, akaiweka kando ya bakuli. "Mwezi mzima nimejiona mzee msumbufu," alisema. "Nimekuwa nikiumwa kichwa nikinyamaza, ili nisiwaudhi watu."

Mshonaji alikuwa ameinamisha uso kwenye pazia. Aliponena, alinena na kitambaa. "Nilimwambia anajidekeza. Mama yangu mzazi." Kisha akageuka, na macho yake yalikuwa makavu. "Na wewe asubuhi umekuja ukaona, ukanyamaza, ukatutengenezea kitasa. Ili akianguka tena awe amefungiwa vizuri."

 Kipimo alisimama tu, akayapokea. Mwishowe ni Mwalimu aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba jua linazama, na kama amekuja kutoboa basi atoboe.

Alitoboa. Drili ilinguruma, tofali likatoa vumbi jekundu, kisha mwanga wa nje ukaingia kwa kitundu kidogo, kisha kwa kikubwa. Vipande vya lipu nyeupe vilidondoka kando ya barabara. Alilaza bomba kwa mwinuko, akabana viungio, akaziba pembeni kwa saruji, akavisha kofia kule nje huku kiwiliwili chake nusu kikiwa dirishani. Akarudisha mpira wa gesi, akawasha hita, akafunga mlango, akaleta njiti. Moshi ulimezwa papo hapo. Aliwasha njiti ya pili. Nao ukamezwa.

Mshonaji alitazama moshi ukipotea. Hakumshukuru, na Kipimo aliona ni haki yake.

Chini, msimamizi alikuwa amesimama barabarani, shingo ameikunja nyuma, akilitazama lile shimo kwenye ukuta mweupe. Hakupiga kelele. Alitoa simu. Ya Kipimo ikalia mfukoni, ikakoma, ikalia tena. Ujumbe ukaingia: funguo za stoo azikabidhi leo, kesho asije.

Kwenye mlango wa pili alifunguliwa. Walikuwa vijana wawili, mume na mke, na mke alimsikiliza akiwa ameshika kitoto chake, akakirudisha sebuleni kabla Kipimo hajamaliza kueleza. Alitoboa na hapo. Alipofika mlango wa tatu, giza lilikuwa linaingia na habari zilikuwa zimemtangulia.

"Msimamizi amesema tusikufungulie," sauti ya mwanamke ilisema kutoka ndani. "Amesema umefukuzwa kazi, sasa unaharibu jengo kwa hasira."

"Nimefukuzwa, ni kweli. Lakini hiyo hita, dada, bomba lake halitoki nje. Nililikata mimi."

"Kaka, maji yanatoka, ni ya moto. Sisi hatujalalamika."

"Usiiwashe leo. Leo tu. Kesho mwite fundi yeyote unayemwamini, aangalie juu ya dari."

"Nimetoka kazini sasa hivi, nimesimama tangu alfajiri. Niache nioge."

Alisema tena, kwa urefu zaidi, mdomo ukiwa karibu na mbao. Alitaja sahihi yake, akamtaja Mwalimu alivyoanguka. Akaomba basi, akioga, aache dirisha wazi na mlango wa bafu usifungwe.  Jirani mmoja alipita na mfuko wa mboga, akamtazama, akaharakisha.

Kisha akausikia. Ule mlio mfupi wa gesi ikishika moto, na maji yakaanza kumwagika.

Kipimo aliweka boksi chini, akaketi kwenye ngazi, mgongo ukutani, upande ule uliopakana na bafu. Alibana pumzi ili asikie vizuri. Maji yalitiririka. Kitu kilianguka, labda sabuni, akawa tayari ameinuka, bega limeelekea mlangoni. Kisha mwanamke akakohoa, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno. Akaketi tena. Alikaa hivyo, sikio ukutani, mpaka maji yakafungwa na nyayo mbichi zikasikika zikivuka sakafu.

Ndipo akanyanyua boksi lake, akaenda kugonga mlango wa nne.