Vibuyu Viwili vya Sebarenzi

Kwetu Karuba, katika Kongo ya Wabeleji, anayelima kilima humpelekea chifu kibuyu cha pombe ya mtama kila mavuno. Chifu akikubali, anakirudisha na mbegu ndani: lima tena. Akikataa, kinarudi kitupu, nawe unafunga mizigo.

Mwaka wa 1957 tukajikuta na machifu wawili. Wetu sisi tuliotoka Rwanda, serikali ilimvua ukubwa. Kilima chote ikampa chifu wa Wahunde, wenyeji wa hapa. Watu wakakatana mapanga, na Bwana Administrateri, Mbeleji mkubwa wa wilaya, akaleta asikari.

Mimi Sebarenzi, mwenye akili kuliko serikali, nikajaza vibuyu viwili. Kimoja nikakipeleka mwenyewe kwa chifu mpya. Cha pili nikampa jirani yangu Munyakazi, mchunga ng'ombe anayempelekea chifu wa zamani maziwa.

"Papa Sebarenzi, unaoa bibi wawili na uzee huu?"

"Peleka tu, kaka. Mumoja akininyima, mwingine atanilisha."

Mke wangu Nyirabagenzi, mimba yake ya miezi minane, hakucheka.

Siku ya tatu asikari walitukusanya sokoni. Karani Straton akainua kibuyu walichokikamata kwa chifu wa zamani.

"Mwenye kupeleka pombe kule iko muasi. Anaenda kifungo Walikale, kukata barabara ya pori. Nani alileta hiki?"

Mtu akamnyooshea kidole Munyakazi. Wakamshika shingo. Akaniangalia, mdomo asifungue. Nyuma yake walisimama watoto wake sita.

Mguu wangu ukasogea kabla ya akili. "Iko yangu. Yeye alibeba tu."

"Basi muende wawili," akasema Straton. "Muntu wa kupika na muntu wa kubeba."

Wakatupandisha kwenye kamio, lori la serikali. Munyakazi akaninong'oneza, "Papa, akili yako iko kubwa. Imenitosha na mimi."

Lilinibakia shamba. Chifu mpya akitoa mbegu, Nyirabagenzi atavuna maharagwe yetu, na mtoto atazaliwa chini ya paa. Asikari waliponifunga kamba tu, mke wangu alikimbia kwa chifu mpya kuomba kibuyu chetu.

Nikamwona akirudi, anapanda kilima polepole, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika kibuyu.

"Tikisa!" nikapiga kelele.

Akatikisa.  Kibuyu hakikusema kitu.

Dereva akawasha kamio. Nyirabagenzi akakileta sikioni, akatikisa tena.