Siku Zedekiah Alipomnyanyua Memsabu

Haki ya Mungu, hata leo ukimuuliza Zedekiah Oloo ilikuwaje, anashika kichwa kwanza.

Mwaka huo wa hamsini na nne alikuwa mpishi kwa Bwana Pratt, mpima ardhi, huko Kileleshwa. Kazi aliijua, mdomo aliuchunga. Miaka miwili aliomba jambo moja tu: mkewe Selpher aruhusiwe kuja kuishi naye katika chumba cha nyuma. Bwana alikataa, akakataa tena, mwisho akatia sahihi kibali. Selpher angeshuka kwenye gari la moshi la Kisumu Ijumaa asubuhi, pamoja na mtoto Caren, ambaye baba yake hakuwa amemwona hata siku moja. Zedekiah alishapaka chumba chokaa.

Sasa, mke wa Bwana, Memsabu Vlasta, hakuwa Mwingereza. Alikuwa Mcheki, na kwao alikuwa mtu wa maana. Huko maji ya ziwa huganda yakawa barafu ngumu, watu wakatembea juu yake, ndivyo alivyosema. Zedekiah, aliyezaliwa kando ya ziwa, alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Ziwa lote, Memsabu? Na samaki je?" Akaonyeshwa viatu vyenye visu chini ya nyayo. Kwa miaka minane Memsabu aliteleza navyo na kijana mmoja, Otakar, huyo akimnyanyua juu ya kichwa huku wanakwenda kasi. Walishindana nchi nyingi, wakarudi kwao na medali. Halafu Wakomunisti wakashika serikali, na baada ya shindano moja ugenini Memsabu hakupanda treni ya kurudi. Otakar alipanda.

Kilichomponza Zedekiah ni sakafu. Aliing'arisha kama maboi wote wa Nairobi: unapaka nta, unafunga vipande vya blanketi miguuni, unateleza kushoto, unateleza kulia, mikono nyuma. Memsabu alipomwona mara ya kwanza alipiga makofi, na tangu hapo hakumwacha apumue. "Goti, Zedekiah! Wewe kunja goti!" Mwezi mzima mtu mzima anafundishwa kung'arisha sebule. Makubwa haya!

Alhamisi ikaja barua. Memsabu akaisoma wima, uso ukambadilika.

"Otakar napata ingine," akasema. "Msichana ya miaka kumi na saba. Wao nashinda." Akavua viatu, akajifunga blanketi miguuni. "Wewe shika mimi hapa, kiunoni. Nyanyua."

"Hapana, Memsabu! Nitafungwa!"

"Mara moja tu. Tafadhali."

Tafadhali! Nani alimwambia mpishi tafadhali miaka ile? Zedekiah akachanganyikiwa, na hapo ndipo alipokosea. Akamnyanyua. Akateleza, goti kalikunja alivyofundishwa, na Memsabu yuko juu, mikono kaitandaza, analia na kucheka. Zedekiah naye akasahau yuko wapi. Alifurahi, asikudanganye.

Mlango ukafunguka. Bwana alikuwa amesahau ramani zake.

Zedekiah akafa ganzi. Angemwachia ghafla, mwanamke angevunjika shingo. Basi akamteremsha polepole, mume anatazama, mpaka miguu ikagusa chini.

"Nani alianza?" Bwana akauliza.

"Mimi," Memsabu akajibu.

Zedekiah akafumba macho kungoja kofi lake. Kofi alilisikia, lakini shavu lake halikuuma. Kufumbua macho, loo, Memsabu yuko sakafuni na Bwana anainua mkono tena. Usiniulize alifikiri nini, kwa sababu hakufikiri kitu. Alijikuta tu amemdaka Bwana mkono hewani. Mwafrika, mwaka ule, amemshika Mzungu! Wote watatu waliutazama mkono ule mweusi juu ya shati jeupe, na hakuna aliyeamini, mwenye mkono akiwa wa kwanza.

"Achia," Bwana akanong'ona. "Polisi siiti, majirani wasije wakajua. Lakini toka kwangu." Akakitoa kibali cha Selpher kwenye meza, akakichana mara nne. Memsabu aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Ijumaa asubuhi Selpher akashuka stesheni, Caren mgongoni, kuku kikapuni, meno yote nje kwa furaha. Zedekiah akamweleza kila kitu palepale kando ya mizigo, hata blanketi hakuificha. Alitegemea mkewe amlaani Bwana. Selpher akaketi juu ya furushi lake.

"Kwa hiyo chumba hakuna, Baba Caren?"

"Hakuna."

"Na kazi hakuna."

"Angempiga tena, Selpher. Ningefanyaje?"

"Alikuwa amempiga mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja." Selpher alimtazama sana, bila hasira. "Na mimi, mwaka ule kabla hujaja huku, ulinipiga mara ngapi? Mkono wako alikushika nani?"

Zedekiah akashika kichwa. Watu walipita na masanduku yao, kuku akalia kikapuni, na yeye bado amekishika.