Lebo Juu ya Lebo

Toroli alichelewa tena, na Bibi Namba alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hasira zilimjia kwa kujikokota. Vitabu alivyokwisha kuvipa namba vilirundikana mezani, sakafuni, hadi juu ya kiti cha wageni, ambacho hakikuwahi kukaliwa na mgeni, maana nani ajisumbue kuja kule nyuma? Wanaoingia maktaba ya chuo kwa mlango wa mbele hudhani vitabu huota rafuni kama uyoga. Haya, na wadhani.

Vitabu vilipita kwanza katika chumba kile chenye dirisha moja linalotazama ukuta, mikononi mwa watu watatu. Bibi Namba ndiye aliyekipekua kitabu, akajua kinahusu nini, akakipa namba kwenye kompyuta na kuchapa lebo yake. Mama Gundi aliibandika lebo kwenye mgongo wa kitabu, na vilivyochanika akavishona. Wa mwisho ni huyo Toroli, aliyevipakia kwenye toroli lenye gurudumu linalolia na kukipeleka kila kimoja mahali pake. Mahali pake, si jirani ya mahali pake. Kitabu kikikaa rafu isiyo yake kimepotea. Afadhali hata kilichoibwa, angalau kuna mtu anakisoma.

"Yuko wapi huyu?" Bibi Namba aliuliza huku akifikicha macho. Vumbi la chumba kile, alipenda kusema, lingeliza hata jiwe.

"Yuko juu, dada," Mama Gundi alijibu bila kuinua kichwa. "Anapanga."

"Toroli moja tangu asubuhi! Anavipanga au anavisoma?"

Mama Gundi aliendelea kupaka gundi. Mwanamke yule alikuwa na mdomo wa kumpa mtu jibu hata kabla hajauliza, lakini likitajwa jambo la Toroli huwa bubu. Bibi Namba aliliona hilo, akaona ni kubebana tu.

Ndiyo maana Mkuu wa maktaba alipomwita wiki ile, hakusitasita sana. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alibanwa na wakubwa zake, naye akambana aliye chini yake, ndiyo dunia. Chumba cha nyuma kipunguze mtu mmoja, alisema. Wahadhiri wanalalamika vitabu vipya vinachelewa. Sasa wewe ndiye msimamizi, niambie, nani anawachelewesha?

"Toroli," Bibi Namba alisema.

Mkataba wa Toroli ulikuwa unaisha mwezi ule ule. Usipoongezwa, basi, kibarua kimeota nyasi, na nyumbani kwake kuna watoto wa shule na mkwe aliyelala kitandani. Bibi Namba aliyajua yote hayo. Alirudi nyumbani siku ile akashindwa kula, na binti yake akamuuliza ana nini.

"Nimechoka tu, mwanangu."

"Ni macho yako, mama. Nenda ukapime. Jana umetia chumvi kwenye chai."

"Makopo yanafanana!"

"Moja jekundu, moja jeupe, mama."

"Niache. Namba nazijua hata nikiwa usingizini."

Na kweli alizijua. Lakini alibakiza miaka michache tu astaafu, na alijua watu wanaotolewa kwenye kompyuta hupelekwa wapi: mlangoni, kukagua mifuko ya wanafunzi. Alishawaambia wenzake mara nyingi kwamba siku wakimtoa kwenye kiti kile, wamtafutie na sanda.

Ijumaa asubuhi lile rundo lilimshinda. Alichukua vitabu kifuani, akapanda navyo ngazi mwenyewe, akiguna kila kidato, ili kesho mtu asimwambie kwamba kazi ile inahitaji siku nzima. Alifika kwenye rafu za ufugaji akihema. Pale akaona kitabu cha nyuki ambacho alikikumbuka vizuri, alikipa namba yeye mwenyewe majuzi. Kona ya lebo yake ilikuwa imeinuka. Akaibonyeza kwa kidole gumba ishike, nayo badala ya kushika ikabanduka yote. Chini yake palikuwa na lebo nyingine.

Alikisogeza kitabu mpaka kikagusa pua. Ya juu ilisema 638, nyuki, sawa kabisa. Ya chini ilisema 633. Hiyo ni namba ya mahindi na mtama.

Mama Gundi huyo, aliwaza, amekosea akarekebisha kimya kimya. Lakini Mama Gundi hachapi lebo. Lebo zinachapwa na mtu mmoja tu. Akachukua kitabu cha pili, akakipapasa mgongo: lebo nene. Cha tatu: nene. Akaenda rafu ya uchumi, akaenda rafu ya tiba, akipapasa vile vyake vya karibuni kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nyingine nyembamba, nyingine nene, nyingine nene. Vidole vilimwambia kile ambacho macho yalimficha. Aliona aibu, aibu ile inayochoma masikio.

"Dada." Mama Gundi alikuwa amesimama nyuma yake. Aliiona ile lebo mkononi, akashusha pumzi.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Nakosea vyote?"

"Hapana, si vyote. Tatu na nane zinakuchanganya. Na sita. Toroli hukifungua kila kitabu kabla hajakiweka. Akiona hakilingani na namba yake ananirudishia. Wewe ukienda kunywa chai, mimi narekebisha kwenye kompyuta, nachapa nyingine, nabandika juu, yeye anapanda navyo tena."

"Ndiyo maana anachelewa."

"Ndiyo maana."

"Na mkaninyamazia! Mimi nawatukana, nyie kimya!"

"Tungekuambiaje? Sisi hizi namba tumefundishwa na nani?" Mama Gundi alijifuta mikono kwenye aproni. "Dada, twende chini. Nilikuja kukuita. Mkuu amemwita Toroli ofisini, na sijapenda uso wake."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, ila hawakusema lolote kuhusu maradhi unayofichiwa na wenzako. Bibi Namba alishuka ngazi zile akishika ukuta. Kwa mara ya kwanza alikubali kwamba haoni vizuri vidato.

Toroli alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mkuu, mikono nyuma. Bibi Namba hakusubiri kukaribishwa.

"Mkuu, nilikosea. Anayechelewesha kazi ni mimi. Sioni. Huyu anarudia makosa yangu, ndipo anachelewa."

Mkuu alitabasamu kwa uchovu. "Huruma yako naielewa, lakini..."

"Si huruma! Nipime hapa hapa."

Mkuu alimtazama. Akachukua kitabu mezani, akakiinua, mgongo ukimwelekea yeye Bibi Namba. "Nisomee hii namba."

Bibi Namba aliinama, akakunja uso. Tarakimu zilivimba, zikashikana. Mkuu alitaka kweli, na kweli haikuhitaji kujitahidi, lakini masikini, Bibi Namba alijitahidi. Alitamani sana asome sawa.

"Mia sita thelathini na nane."

"Sawa kabisa, Mkuu," Toroli alisema papo hapo.

"Kasoma sawa," Mama Gundi akadakia kutoka mlangoni, mahali ambapo hata tai asingeuona ule mgongo.

Mkuu alikigeuza kitabu, akakitazama, akakilaza mezani polepole.

"Mkataba wako utaendelea," alimwambia Toroli. Kisha akamgeukia Bibi Namba. "Na wewe, mama, hatuwezi kukuacha kwenye kompyuta. Kuanzia Jumatatu utakaa mlangoni. Kwenye mifuko." Hakuwa amewahi kumwita mama.

"Nimeelewa."

Walitoka wote watatu. Ukumbini, chini ya ngazi, Bibi Namba alisimama.

"Ilikuwa ngapi?"

Toroli alitazama sakafu. "Mia sita thelathini na sita, dada."

"Toroli, jina lako nililitaja mimi. Mimi ndiye niliyesema uondoke."

"Najua. Mkuu aliniambia kabla hujaingia."

"Ulijua? Na bado ukasema nimesoma sawa?"

Toroli alikuna kichwa, kana kwamba hata yeye hakuwa amejiuliza.

"Nimezoea, dada."

Bibi Namba aliketi pale pale kwenye ngazi, akalia, na wenzake wakaketi naye, mmoja huku, mmoja huku.