Kiatu cha Kushoto

Jamani, hii hamtaiamini, lakini ilitokea hapahapa Texas, Oktoba 2019, kwenye mashamba ya mpunga nyuma ya mji wa Katy, jirani na Houston.

Walikuja Wadenmark na makamera yao. Wanashuti filamu ya vita, yote kwa Kidenmark, kuhusu wanajeshi wao wa kulinda amani waliopelekwa mashariki ya Kongo. Kongo yenyewe waliogopa kwenda. Wakaona ah, Houston Wakongo wamejaa, majani ya kijani yapo, tunamalizia hapa.

Mado, mama Mkongo wa hapa Houston, akachukuliwa aigize mkimbizi. Si aliwahi kuwa mkimbizi kweli? Kazi rahisi: beba kifurushi, pita kwenye kizuizi cha waasi, lia kidogo. Akaenda na binti yake Christelle, miaka kumi na sita. Aliyewa-drive ni Gracien, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao Missouri City. Huyo kila mtu anampenda. Mwaka wa pili sasa anampeleka Mado kazini warehouse kila asubuhi. Christelle anamwita Tonton, yaani mjomba.

Gracien akapewa ukomanda wa waasi. Alivyotokea na kombati, wamama wakaangua kicheko.

"Tonton, na hilo tumbo utamukimbiza nani?"

"Nitakuimbia tu, utakimbia mwenyewe!"

Director, mama mmoja mrefu wa Kidenmark, akatoa maelekezo kwa Kiingereza. Sospeter, mwanafunzi Mtanzania, akatafsiri: "Komanda, wasimamishe. Sema chochote kitakachokujia."

Kamera ikawaka. Gracien akanyoosha kidole chini. Halafu akasema, taratibu, kama mtu anayeomba chumvi mezani:

"Kiatu cha kushoto. Kimoja. Weka hapa."

Mado akajikuta ameshavua.

Hiyo haikuwa kwenye script. Na alishaisikia mara moja tu maishani, miaka kumi na tano nyuma, kwenye kizuizi karibu na kijiji chao, Christelle akiwa mgongoni. Kwa nini kimoja? Hakuna aliyethubutu kuuliza. Wanawake wakaambiwa kimbieni. Wanaume wakabaki. Bisimwa, mume wake, alibaki pale na kiatu kimoja mguuni, na mpaka leo hakuna anayejua aliishia wapi.

Director karuka kwa furaha! Hiyo ameitoa wapi?

"Nimewaza tu," Gracien akajibu, anacheka.

Wakarudia mara sita. Mara sita Mado akavua kiatu, na mara sita akapigiwa makofi. Huyu mama anajua kuigiza!

Jioni wakaingia kwenye van. Barabara kuu ya I-10 foleni inatambaa. Christelle siti ya mbele na earphones zake, Mado nyuma, anaangalia shingo ya Gracien. Yule komanda wa siku ile alijifunga kitambaa usoni. Labda siye. Wanaume wangapi wanaongea taratibu?

"Gracien," akasema, "ile ya kiatu. Mimi nilipita pale."

Van ikayumba kidogo.

"Hata mimi, Mama Christelle. Nilivua kama nyinyi."

"Yule mama ulimwambia umewaza."

"Sasa ningemwambia nini muzungu?"

Jibu zuri. Mado akalitaka sana lile jibu. Akashusha pumzi. Halafu, bila kupanga, likamtoka:

"Hivi vile viatu walipeleka wapi?"

"Mtoni."



Maana waliopita walikimbia, jamani. Rundo la viatu waliliacha palepale! Anayejua viatu vilienda wapi ni aliyebaki. Na aliyebaki akatoka hai alikuwa upande gani?

Macho yao yakakutana kwenye kioo. Foleni ikasogea, milango ikajilock yenyewe, tak, kama siku zote. Mado nusura apige kelele.

"Mom, you okay?"

"Niko sawa, mama."

Walipofika nyumbani, Gracien akashusha kioo. Macho yamejaa maji. "Nilikuwa na miaka kumi na nane. Walinichukua shuleni." Akaweka gia. "Kesho tunashuti tena, saa kumi na mbili nawapitia."

Kwenye simu Mado ana namba ya dada wa ofisi iliyowapokea wakimbizi. Akipiga, Gracien atachukuliwa, na mawakili watamwambia afunge mdomo. Asipopiga, Christelle atakaa tena pale mbele. Na mtu pekee anayeweza kumwambia kama Bisimwa naye alienda mtoni ni huyohuyo.

Asubuhi, saa kumi na mbili kasoro, honi ikalia nje. Christelle yuko mlangoni, anafunga kamba za viatu.

"Vua. Leo unabaki."

"But Mom..."

"Nimesema unabaki. Nisipokupigia mpaka saa mbili, piga hii namba ya yule dada wa ofisi."

Akatoka peke yake. Taa za van zinawaka. Akafungua mlango wa mbele, akakaa siti ya binti yake, na milango ikajilock, tak.

Wewe je? Ungepanda?