Asali ya Marsiana

Jumatatu asubuhi Marsiana alikaa kwenye benchi la zahanati kule Murusagamba, na nyuki wake wakatua naye. Walikuwa wakimfuata tangu msimu wa maharage, kwa kuwa kila alipokojoa walipata chakula. Wagonjwa wengine walisogea kuwapisha, wakaendelea kulalamika. Vita ilikuwa imepamba moto kaskazini, na sukari haikupatikana hata kwa dawa.

Mganga wa zahanati alikuwa Anastazi, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Marsiana alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Anastazi aliuchemsha mkojo wa dada yake pamoja na dawa ya buluu. Ukageuka rangi ya tofali. Akachukua kadi, akaandika: malaria.

"Anastazi, mimi sina malaria."

"Najua, dada. Lakini nikiandika kisukari, mwenyekiti atauliza sukari umeitoa wapi. Anasema huo ni ugonjwa wa mabepari, na kijiji chetu hakina bepari. Ufunguo wa duka la ushirika ninao mimi. Si watasema nalangua sukari?"

"Mwenye malaria hapakiwi kwenye gari la kwenda hospitali. Na mguu huu unaoza!"

"Vita ikiisha nitaandika upya. Haki ya Mungu."

Marsiana akaamini. Asipomwamini huyo, amwamini nani?

Nyuki wakahamia chini ya kitanda chake. Kila Jumamosi wanakijiji walirina asali kwa zamu, wakaigawa kaya kwa kaya, na watoto wakanywa uji mtamu. Mkutanoni Marsiana alipigiwa makofi. Aliyapokea amesimama kwa mguu mmoja, maana wa pili ulikuwa mweusi hadi kifundoni.

Vita ikaisha, vijana wakarudi, ngoma zikalia. Marsiana akajikokota na fimbo mpaka zahanati.

"Imekwisha, mdogo wangu. Andika."

Anastazi aliitazama kalamu. "Dada, asali imeshaingizwa kwenye mpango wa kijiji. Ukipona, nyuki si watahama?"

Loo! Mguu ulikuwa ukimuuma siku zote, lakini hili lilimuuma zaidi. Mtoto aliyemlea kwa mgongo wake! Alilia waziwazi mbele ya watu, na nyuki wakatua mashavuni wakayanywa machozi. Mgonjwa wa nyuma yake akauliza kama foleni inasogea.

Anastazi akaandika malaria, akamhesabia klorokwini. Na kwa kuwa vidonge vile ni vichungu, naye alimpenda dada yake, akamchotea kijiko cha asali ya kuvisindikiza.