Mkono wa Yeremia Uko Kazini

Jumatatu asubuhi karakana ya useremala ya Maige, pale Igogo, ilifunguliwa kama kawaida. Maranda yalifagiliwa, chai ya rangi ikachemshwa, na mkono wa kulia wa fundi Yeremia ukaingia peke yake, ukitembea kwa vidole. Ulipanda mezani ukashika randa.

Msumeno wa umeme ulikuwa umeukata kwenye kifundo wiki iliyotangulia. Mama yake, Paskazia, aliuzika nyuma ya nyumba, kati ya mawe, kwa sala fupi. Mafundi waliona udongo kwenye kucha, wakausogezea mbao.

Maige hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kesho. Kesho angeufungia msumeno kinga, kesho angewaandikia mafundi mikataba, kesho angewaandikisha kwenye mfuko wa fidia. Yeremia alipolazwa, alimpelekea machungwa na habari kwamba nafasi yake atapewa mwingine. Machungwa, kwa mtu wa mkono mmoja! Ayamenye kwa meno?

Paskazia alimchukua mwanawe wakaenda kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi, kudai fidia ya mkono uliopotea.

"Mheshimiwa, haujapotea," Maige alijitetea. "Kila siku saa mbili umefika. Hata kuchelewa hauchelewi."

Mkono uliitwa. Ulikuja kwa bodaboda, ukawekwa juu ya Biblia, ukatulia. Msuluhishi aliutazama, akafuta miwani, akatoa uamuzi. Mkono ni mwajiriwa halali, kwani unaonekana kazini, na usifukuzwe bila utaratibu. Yeremia hana mkataba wala haonekani kazini, kwa hiyo si mwajiriwa. Na kitu kilichopo hakilipiwi fidia ya kupotea.

"Yaani mkono una kazi, mwenye mkono hana?" Paskazia aliuliza.

"Ndivyo ilivyo, mama."

"Haya. Tutakwenda hivyo hivyo."

Aliuinamia mkono, akaunong'oneza maneno machache ya Kisukuma.

Kesho yake saa mbili mkono ulifika, ukaipita randa, ukapanda kwenye msumeno, ukaikamata swichi usiwashwe. Mafundi waliuvuta wakachoka. Mmoja alimkumbusha bosi kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Maige aliubusu. Ulikaza zaidi.

Alitaka kuufukuza. Akaambiwa na msuluhishi aanze na onyo la maandishi, lenye kutaja kifungu cha mkataba kilichovunjwa, na mkataba hakuwahi kuuandika.

Basi akanunua msumeno mwingine, nao hauna kinga. Amemweka Shimba, fundi kutoka Usagara, kwa makubaliano ya mdomo. Jioni Paskazia huja na beseni, huuosha mkono wa mwanawe, huupaka mafuta, kisha huurudisha mwenyewe kwenye swichi.

"Shikamoo mama," Maige humwamkia. "Si uende nao nyumbani, upumzike?"

"Marahaba. Huyo ni mfanyakazi wako, si ulisema mwenyewe kwa msuluhishi? Mimi nina Yeremia, na Yeremia hana kazi."

Paskazia humwaga maji mlangoni, humgeukia Shimba.

"Na wewe, mama yako anajua uko hapa?"

Shimba husogeza ubao. Bado ana mbao za kumaliza. Huwasha msumeno.